Kiporo Hakilali Muscat

Kiporo ndicho kilichoanza kututoka tulipotoka Njombe kuhamia Muscat, mji mkuu wa Oman.

Waliokulia nyanda za juu watanielewa haraka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni au Julai, hewa ikishuka chini ya nyuzi 10, unaacha sufuria ya maharage juu ya mafiga, mfuniko juu yake na jiwe juu ya mfuniko kwa ajili ya paka, na asubuhi unayakuta kama ulivyoyaacha, ila mafuta yameganda pembeni. Kiporo cha wali hukaangwa na kitunguu. Cha ugali hubanikwa juu ya mkaa mpaka kipate gamba. Cha viazi hakisumbui mtu, kinaliwa na chai hivyohivyo. Mama yangu hajawahi kupika chakula cha jioni peke yake. Siku zote anapika cha jioni pamoja na cha asubuhi, na ikitokea watu wamemaliza sufuria usiku anauliza nani alikuwa na njaa ya kiasi hicho.

Sasa njoo Muscat mwezi Julai. Mchana nyuzi 40 na zaidi, usiku wa manane bado 31 au 32, na unyevu wa bahari umejaa hewani. Wali ulioachwa mezani baada ya chakula cha jioni, mwadhini akiita alfajiri umeshakuwa na utelezi na kaharufu ka uchachu. Maharage yanatoa povu. Mchuzi wa nazi usiuzungumzie, huo unaharibika ukiwa unautazama. Mwaka 2018, mji wa Quriyat, mwendo wa saa moja hivi kutoka Muscat kwa gari, ulipitisha siku nzima, mchana na usiku, bila kipimajoto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hapo ndipo alfajiri ilipofikia, 42.6. Ukiweka sufuria ya wali nje kwenye hewa hiyo, vijidudu wala hawahitaji kubembelezwa.

Nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua kama ni woga wangu tu. Si woga. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumbani zaidi ya saa mbili, na Wamarekani huipunguza hiyo iwe saa moja hewa ikizidi nyuzi 32. Wali una mambo yake ya ziada. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukiwa wa moto amelala. Ukipoa polepole anaamka, anazaana na kutoa sumu, na sumu yenyewe haiondoki hata ukiupasha upya mpaka uungue. Ile imani yetu kwamba moto wa asubuhi husafisha dhambi za usiku haina msingi kwenye wali. Njombe ilikuwa inalindwa na baridi, sisi tukadhani ni ustadi wa kupasha.

Kwa hiyo sheria ya nyumba ikabadilika. Chakula kikibaki kinamwagwa kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe upesi, kisha friji. Hotpoti, ambayo harusini tulipewa za kutosha kufungulia mgahawa, ikapumzishwa: kazi yake ni kuweka chakula vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndiyo hali yenyewe tunayoikimbia. Siku hizi tunawekea barafu.

Kilichoniuma zaidi ni kupika kidogo. Nilipomwonyesha mama kwenye simu ya video sufuria niliyonunua kwa ajili ya wali wetu, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo ni ya kuchemshia mayai." Nikamweleza kwamba hapa kinachobaki ni mzigo. Hakushawishika. Kwake sufuria kubwa maana yake ni kwamba mtu akibisha hodi saa mbili usiku hatakuta watu wanaangaliana. Hilo nalo limebadilika: mgeni wa ghafla kwangu anakula, lakini anakula kilichotoka kwenye friza, na lazima asubiri. Anasubiri akinywa juisi kwenye kiyoyozi, wala hajali. Mimi ndiye ninayejali.

Maji ya bomba yana vituko vyake. Nyumba nyingi huku zina tangi la maji juu ya paa, na jua linalipiga kutwa. Kufikia Juni bomba la maji baridi linatoa maji ambayo Njombe ungeyaita ya kuogea mgonjwa. Ukiosha mchicha kwa maji hayo unanyauka mikononi kabla haujafika kwenye sufuria. Wenyeji wana ujanja wao: kiangazi wanazima hita ya maji iliyomo ndani ya nyumba, maji yanakaa humo yakipoa kivulini, na kuanzia hapo bomba jekundu ndilo la maji ya baridi na la buluu ndilo la moto. Watoto wangu wamekua na mpangilio huo. Tulipokwenda likizo Njombe mdogo alifungua bomba, akaruka nyuma akidhani limeharibika.

Unga nao una tabia mpya. Chapati niliyokuwa naikanda kwa maji ya moto ili ilainike, hapa inahitaji maji ya friji, la sivyo donge linakuwa legelege na kung'ang'ania ubao. Mandazi ya hamira yanaumuka wakati bado natafuta mafuta. Maziwa ya mtindi, ambayo kwetu yalikuwa yanasubiriwa kama mvua, siku mbili, tatu, kibuyu kikiwa karibu na moto, hapa yanaganda kati ya asubuhi na adhuhuri bila msaada wa mtu.

Sasa nije kwenye hamu ya kula, maana watu wengi wanadhani ukihamia nchi ya joto unabadilisha tu vyakula. Kwanza unabadilika wewe. Kiangazi cha kwanza nilidhani watoto wanaumwa. Sahani ya ugali na maharage, ambayo Njombe walikuwa wanaigombea, walikuwa wanaichokonoa kwa kidole na kuomba maji. Mume wangu naye alikula nusu, akasukuma sahani kwa adabu. Maelezo yake ni rahisi: kumeng'enya chakula kunazalisha joto mwilini. Protini ndiyo inayowasha zaidi, kwani kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati yake hutumika katika kumeng'enywa kwenyewe; wanga ni asilimia 5 hadi 10, mafuta chini ya hapo. Njombe mwili unalipokea joto hilo kwa shukrani, ndiyo maana mtu akishakula ugali na nyama anavua koti. Muscat mwili tayari unahangaika kutoa joto nje, halafu wewe unauletea kuni zaidi. Unakataa. Huo si ulaji mbaya wala udekaji, na nilivyojua hivyo niliacha kugombana na watoto mezani.

Chai nayo imenifikirisha sana. Wazee husema chai ya moto hupoza, na kuna ukweli ndani yake: kinywaji cha moto huongeza jasho, na jasho likikauka hubeba joto na kwenda nalo. Lakini lazima likauke. Ukiwa Nizwa, bara, ambako hewa ni kavu, kikombe cha chai saa kumi jioni kinafanya kazi yake vizuri kabisa. Muscat pwani Julai jasho halikauki, linatiririka tu, na chai ya maziwa ya kikombe kikubwa inakuachia shati lililolowa na hasira. Nadhani ndiyo maana kahawa ya hapa, hii kahwa yenye iliki, hunywewa kwenye vikombe vidogo sana na tende pembeni. Funda mbili, imetosha. Mimi chai yangu ya maziwa nimeisogeza ikawa ya saa kumi na moja alfajiri, na siwezi kuiacha. Kuna mambo mtu hayaachi, anayahamisha saa tu.

Nikisema nimeisogeza nimegusa jambo lenyewe. Kilichohama zaidi nyumbani kwetu ni saa za kula, kuliko hata vyakula vyenyewe. Jua la Juni hapa linachomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu, na saa mbili asubuhi barabara imeshaanza kuchemka. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za nje, kama ujenzi, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Mji unafunga macho. Ofisi za serikali zinatoka mapema mchana, watu wanarudi nyumbani, wanakula wali, wanalala, halafu usiku maisha yanaanza tena: ufukweni Qurum utakuta watoto wadogo wanacheza saa tano usiku na wazazi wao wala hawana wasiwasi. Sisi tuliotoka kwenye nchi ya kula saa moja na kulala saa tatu tulijaribu kushikilia ratiba yetu, ikatuchosha. Sasa kiangazi tunakula mara mbili za maana: alfajiri, chakula kizito kabisa, viazi, mayai, hata ndizi za kupika; halafu saa tatu usiku. Katikati ni vipande vipande, tikiti maji, tango lenye chumvi na ndimu, glasi ya laban. Ndugu zangu wanaohesabu milo wanaona tunashinda njaa.

Laban ni maziwa ya mgando mepesi, yana chumvi kidogo, na yanauzwa kila duka. Jirani yetu ndiye aliyetufundisha kuyanywa na wali. Yeye ni mzaliwa wa Unguja, mmoja wa maelfu waliokuja huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chake ni kile cha mjini Unguja, na cha kwangu humchekesha. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo kwenye ngazi aliitikia, "Marahaba mwanangu," akanishika mkono na kuniuliza kama nimepika. Nilikuwa nimetoka kukuna nazi. "Nazi?" akasema. "Nazi ya musimu wa baridi hiyo, mwanangu. Saa hizi kula samaki na ndimu, unywe mtindi, ulale. Wacha kujiadhibu."

Nilidhani Mzanzibari hawezi kuacha nazi. Kumbe na yeye alihama zamani, akatumia miaka yake kupambana na tui linaloharibika mezani, na akafika kwenye suluhu zake. Kiangazi samaki wake ni nguru wa kuchoma, wali mweupe, kachumbari, na chumvi ya kutosha. Mchuzi akiupika anautia ndimu kavu. Hizi ni ndimu zilizochemshwa kwenye maji ya chumvi kisha kuanikwa juani mpaka ziwe nyeusi na nyepesi kama ganda tupu. Ukiitoboa na kuitumbukiza kwenye mchuzi inatoa uchachu wa ndani, wenye moshi kidogo, usiofanana na wa ndimu mbichi. Uchachu ndio unaofungua tumbo siku ambayo tumbo limefunga. Wanangu sasa wanazikamua ndimu hizo kwenye wali kwa vidole, jambo linalowatia kinyaa wageni wetu kutoka nyumbani.

Halafu kuna papa mkavu. Mtu wa bara nilikuwa namjua dagaa wa Nyasa, basi. Huku jua linalotuharibia chakula ndilo hilohilo wanalolitumia kukihifadhi: papa anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa. Halafu anachemshwa, anachambuliwa nyuzinyuzi na kuchanganywa na kitunguu na ndimu. Vidagaa nao wanakaushwa. Tende ndiyo usiseme, bila joto hili hazipo kabisa. Zile mbichi laini zinazoitwa rutab huanza kuingia sokoni mwanzoni mwa kiangazi, na kadiri watu wanavyolalamika juu ya jua ndivyo mitende inavyozidi kuiva. Nilipoliona hilo nilianza kulisamehe jua kidogo, kuanzia Juni mpaka katikati ya Julai. Agosti sijaisamehe bado.

Kwa hiyo chakula cha usiku wa Julai kwangu kinaweza kuwa hiki: sinia la rutab, laban baridi, mkate mwembamba wa rakhal, tango, na vipande vya samaki aliyechomwa jana yake akawekwa kwenye friji. Nilimwonyesha mama. "Hicho si chakula," akasema, "hicho ni kiburudisho. Chakula mtakula saa ngapi?"

Lakini kuna jambo ambalo hata jirani hakuwa na dawa yake, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Njombe moto unaita watu. Jikoni kwa mama ndiko kwenye joto, kwa hiyo ndiko nyumba nzima inakokaa. Baba na kigoda chake karibu na mlango, watoto na madaftari yao chini ya taa, shangazi aliyepita kusalimia akaishia kumenya viazi. Kesi za ukoo zinasikilizwa pale. Mchumba wa dada yangu alichunguzwa pale, akiwa amekaa juu ya kinu, machozi yakimtoka kwa moshi. Kupika ilikuwa kazi ya mama, na sisemi ilikuwa haki iwe ya kwake peke yake, lakini hakuwa anapika peke yake. Sebule yetu ilikuwa na makochi mazuri na hakuna aliyekuwa anakaa humo, labda mchungaji akija.

Muscat moto unafukuza watu. Jikoni kwetu hakuna kiyoyozi, kuna feni ya kutolea moshi tu, na mlango wa jikoni lazima ufungwe ili ubaridi wa sebuleni usitoroke. Umeme ni pesa. Basi familia iko upande huu na anayepika yuko upande ule. Nasikia wanacheka na sijui wanacheka nini. Nikifungua mlango kuuliza, sauti tatu zinapaza kwa pamoja: "Funga mlango!" Hawana ubaya, hewa moto imewapiga usoni. Lakini fikiria mtu aliyekulia kwenye jiko la namna ya kwetu anaambiwa hivyo na watoto wake mwenyewe, jasho likimwingia machoni, akigeuza chapati. Kuna jioni niliigeuza ile chapati nikalia, na sitaki kuipamba hadithi hiyo zaidi ya hapo.

Waomani wenyewe walilitatua tatizo hili kwa kuutoa moto nyumbani. Nyumba nyingi kubwa zina jiko la nje, upande wa uani. Na shuwa, ile nyama ya sikukuu ya Idi, inafungwa na viungo vyake, inashushwa kwenye shimo lenye makaa, shimo linafunikwa, na watu wanakwenda zao mpaka kesho au kesho kutwa. Moto umezikwa ardhini, hakuna aliyekaa kuuchungulia. Nilipoiona mara ya kwanza sikuvutiwa sana na nyama (ingawa nyama ile, jamani) kama nilivyovutiwa na wazo kwamba mpishi amekaa na wenzake.

Sisi tunakaa ghorofa ya pili, hatuna uani wala shimo. Tulichofanya ni kuvunja kazi vipande viwili: ile ya moto na ile isiyo ya moto. Ukiangalia vizuri utaona sehemu kubwa ya kupika si moto hata kidogo. Ni kumenya, kuchambua, kukata, kukanda, kuloweka. Hizo zote zimehamia sebuleni, juu ya mkeka, chini ya kiyoyozi, baada ya Isha. Mume wangu anakata vitunguu, kazi ambayo Njombe asingeonekana akiifanya mbele ya kaka zake. Mkubwa anachambua mchele, mdogo anaharibu karoti. Pale ndipo kesi za shule zinapotolewa. Wali unaiva kwenye jiko la umeme pembeni ya runinga. Maharage yanaiva kwenye sufuria ya presha ya umeme tuliyoichomeka kibarazani. Moto wa gesi unabaki na dakika zake chache za kukaanga, na zamu yake tunapokezana. Anayetoka humo anapewa glasi ya kwanza ya maji. Mlango bado tunaufunga.

Wali na samaki havikudai mabadiliko hayo. Ugali ndio uliodai, kwa sababu ugali hauna njia ya mkato: lazima mtu asimame juu ya mvuke, asonge, aendelee kusonga. Ukiusonga Julai unamaliza ukiwa umelowa kama aliyetoka mtoni, na ukishaupakua hakuna anayeutaka, maana unakuja mezani na joto lake lote. Tuliuacha miezi ya kiangazi bila kutangaziana. Unarudi Novemba, hewa ikishuka, na Desemba na Januari tunaula karibu kila usiku, nje, kwenye paa la jengo, na samaki au mchicha au nyama ya kuchoma. Mwanangu mdogo amekua akiamini ugali ni chakula cha sikukuu. Alimwambia hivyo bibi yake, na bibi yake alicheka mpaka simu ikaanguka.

Unga wa mahindi tunaupata kwenye duka moja la vyakula vya Afrika Mashariki, parachichi tunayapata supamaketi yakiwa na kibandiko cha Kenya, jambo ambalo mtu wa Njombe analipokea kwa uvumilivu.

Majira ya baridi tunapanda Jabal Akhdar. Polisi wamesimama chini ya mlima na hawaruhusu gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne. Uwanda wa Saiq kule juu uko kama mita 2,000, yaani urefu uleule wa Njombe, na unaota makomamanga, mawaridi na matunda ya nchi za baridi. Tulibeba maharage ya nyumbani, yale ya njano, tukawasha moto wa kuni mahali panaporuhusiwa. Muscat maharage hayo yanaiva mapema kuliko nilivyozoea, hata bila presha, kwa kuwa usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mita 2,000 yanachemka karibu na 93, na maharage yanaijua tofauti hiyo. Kule juu yalichukua muda wake wote wa zamani. Watoto walilalamika njaa. Mimi na mume wangu tulikaa karibu na moto kwa sababu ulikuwa unahitajika, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuacha. Usiku tuliiacha sufuria nje, mfuniko juu yake, jiwe juu ya mfuniko. Asubuhi mkubwa alikataa kuyala maharage yale. "Mama, yamelala nje," akasema, akanitazama kama vile nataka kumdhuru. Tulikula wawili, na chai.

Mama anataka kuja kututembelea. Alitaka Julai, kwa hesabu zake mwenyewe: mahindi yatakuwa yameshavunwa, Njombe ni baridi kali, na yeye anataka kuota jua. Nimemweleza jua la huku si la kuota. Nikapendekeza Januari, hewa ikiwa nzuri na ugali upo. Akaniuliza nani atapalilia. Kalenda zetu hazikutani: miezi ambayo shamba linamwachia ndiyo miezi ambayo Muscat haifai, na Muscat ikifaa shamba linamwita. Tumekubaliana mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, ingawa joto bado litafika nyuzi 34 au 35 mchana. Atalala mchana kama sisi na atakula saa tatu usiku, atanung'unika. Nimemwagiza mwiko, kwa sababu wa kwangu umepasuka na huku sijaona wa kufaa, na unga wa ulezi, na maharage ya njano. Jana alipiga tena kuuliza kama mkaa unapatikana, au abebe. Nimemwambia upo, ila hauwashwi ndani.